Pikipiki Mbili na Ng'ombe Mmoja

Nyinyi vijana mnaokaa pale Merigi mkingojea abiria mna swali moja ambalo halichoki. "Mzee, hii yangu niiongezee ama nichukue ingine?" Mnaniuliza mimi kwa sababu mmesikia nilipanda pikipiki katika milima hii wakati ilikuwa kitu cha padri, cha bwana shamba na cha mtu wa ng'ombe tu. Leo nitawajibu, lakini mketi, maana jibu langu lina ng'ombe ndani yake.

Kwanza tuelewane juu ya kuongezea. Nyinyi mkisema kuongezea mnamaanisha vioo vinne, redio, na aya ya Biblia kwenye madigadi. Juzi nilibebwa na mmoja wenu ambaye pikipiki yake ina taa za rangi zote mbele na breki haina hata ya kuazima. Nilipomuuliza tutasimamaje, akaniambia, "Mzee, kuna mlima mbele." Sasa huyo hata nikimshauri nitakuwa ninapoteza mate yangu.

Kazi yangu ilikuwa AI. Najua siku hizi mkisikia neno hilo mnafikiria simu zenu. Yetu ilikuwa ya kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila fahali kuonekana popote. Mwanzoni mwa miaka ya tisini gari la serikali lililofanya kazi hiyo lilianza kuja leo na kesho lisije, mwishowe likanyamaza kabisa, na sisi tuliokuwa na ujuzi tukaanza kuzunguka wenyewe. Watu waliniita daktari. Udaktari huo nilipewa na wakulima, maana chuo kilinipa cheti kidogo tu na glavu. Wengine waliniita fahali wa gambuti, lakini si mbele yangu.

Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa ya cc hamsini, ile ya kuchanganyia oili ndani ya petroli. Nyuma nilifunga mtungi wa baridi kali wenye mbegu, kwa vipande vya blada, ule mpira wa ndani ya tairi, kwa sababu kamba ya kawaida hulegea ukipita makorongo. Mlio wake ulikuwa kama mtu anayekohoa huku anacheka, na ukiusikia mara moja huwezi kuusahau.

Simu hazikuwepo. Mwenye ng'ombe aliyeingia joto, yaani anayetaka kupandishwa, alitundika gunia jeupe la mbolea kwenye nguzo ya lango. Mimi nilipita asubuhi nikiangalia magunia. Ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi anahudumiwa jioni, na aliyeonekana jioni anangoja kesho asubuhi. Ukiwahi sana umeharibu, ukichelewa umeharibu pia. Nikirudi saa ya kazi, watu walisikia ule mlio nikiwa bado kwenye kona ya chini, wakamwingiza ng'ombe ndani ya krashi, kile kibanda chembamba cha nguzo cha kumbana asigeuke, wakatoa beseni ya maji ya uvuguvugu, sabuni na taulo safi. Nilipofika kila kitu kilikuwa tayari. Nilidhani wananiheshimu. Kumbe walikuwa wanaiheshimu pikipiki.

Aliyenifundisha pikipiki alikuwa Fundi Odhiambo wa Sotik. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai kule Kericho, na yeye akazaliwa akisikia mashine. Karakana yake ilikuwa nyuma ya posho mill, kwa hivyo alikuwa mweupe kwa unga kuanzia juu na mweusi kwa oili kuanzia chini. Mara ya kwanza nilimpelekea pikipiki juu ya lori la maziwa, nikamwambia kwa huzuni kwamba injini imekufa. Alichomoa plagi, akaipangusa kwenye suruali, akairudisha, akapiga kiki moja. Ikakohoa, ikacheka.

"Daktari," akasema, "ng'ombe akikataa kula, wewe huanza kwa kumpasua?"

Watu wa lori walikuwa wanasikiliza, kwa hivyo nililipa haraka.

Mwaka ule ninaotaka kuwaambia, pikipiki ilikuwa imechoka. Ikifika mlima wa juu ya Merigi ilikuwa inabidi nishuke niisukume, na kuna akina mama waliobeba kuni ambao walinipita wakinisalimia kwa adabu, jambo lililoniuma zaidi kuliko kama wangenicheka. Nikaenda Sotik kumwuliza Odhiambo, kama mnavyoniuliza mimi, niongezee au nibadilishe.

Akailaza chini, akaiangalia shingoni, pale fremu inaposhika usukani, akapitisha kidole polepole.

"Skiza. Injini ni kama tumbo, inaumwa inapona. Fremu ndiyo mgongo. Ikipasuka hapa shingoni, hiyo zika. Yako haijapasuka. Tuweke sproketi kubwa huku nyuma, shoksi mpya, tairi ya meno. Itapanda kama mbuzi."

"Na kwa lami je?"

"Kwa lami utapitwa na baiskeli. Kwani ng'ombe wako wanakaa kwa lami?"

Nikamwambia nafikiria kununua kubwa. Akatikisa kichwa, unga ukamwagika.

"Sawa. Lakini kabla ununue, ilaze kwa matope, alafu uiinue wewe peke yako. Ukishindwa, hiyo si yako. Hiyo ni ya watu wanne."

Yalikuwa maneno ya bure na ya kweli, na kitu cha bure huwa hatukitaki. Niliporudi nyumbani nilimkuta shemeji yangu Joel, kaka wa mke wangu, mweka hazina wa kanisa letu, mtu ambaye hajawahi kupanda hata punda. Joel alikuwa mtaalamu wa pikipiki kwa kuziangalia zikipita.

"Shemeji," akasema, "mtu wa cheo chako hawezi kukaa juu ya kitu kama hicho. Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu."

Nimeishi miaka mingi na bado sijakutana na hao Watu wa Joel, lakini wameharibu mambo mengi katika nchi hii. Na nisimsingizie Joel peke yake. Mimi mwenyewe nilitaka kubwa. Nilitaka nikipita Longisa siku ya soko watu wageuze shingo. Nilikuwa na umri wa kutosha kuwa na akili, lakini hamu ya pikipiki kubwa haiulizi umri.

Sasa nimlete Kogo Taprandich. Kogo ni nyanya, kama mnavyojua nyinyi mliolelewa vizuri. Alikuwa mjane aliyekaa juu kabisa ya mlima, mahali ambapo barabara yenyewe hukata tamaa. Alikuwa na ng'ombe mmoja aitwaye Debora, jina la yule mwamuzi wa kwenye Biblia, kwa sababu tangu akiwa ndama alikuwa anamwangalia mtu kama anayemhukumu. Debora alikuwa amekauka maziwa. Nilikuwa nimemhudumia mara mbili, na mara zote mbili baada ya wiki tatu joto lilirudi, maana yake hakushika mimba. Mtoto wa Kogo, Wesley, alikuwa amefika mwisho wa subira. Alisema Petro alimkana Bwana mara tatu na hiyo ikatosha, kwa hivyo Debora akikataa mara ya tatu ataenda Longisa kwa mtu wa nyama.

Kogo aliniambia jambo hilo akiwa ameshika lango, bila kunitazama.

"Daktari, huyu akienda, mimi nitaomba maziwa ya chai kwa mke wa Wesley. Kila asubuhi nibebe kikombe niende kugonga. Mtu kama mimi. Hiyo ni kufa na bado unapumua."

Nilimwahidi kwamba safari hii nitafika kwa saa yake hasa, hata mvua ya mawe inyeshe.

Wiki ileile, nani anakuja kwangu? Naibu wa chifu wa kata yetu ndogo. Alikuwa mtu mfupi mwenye pikipiki kubwa, ya cc karibu mia mbili, yake mwenyewe. Ili kusimama ilibidi atafute jiwe au ukingo wa barabara wa kuweka mguu, na siku asipopata alikuwa anazunguka na kuzunguka sokoni akiongea na watu akiwa kwa mwendo.

"Daktari," akasema, "mimi nazeeka. Goti linauma. Hii yako ndogo inanitosha kabisa. Chukua yangu, nipe yako, tuachane hivyo tu. Na kofia pia tubadilishane, kila moja ikae na pikipiki yake."

Nilijitahidi nisicheke. Kubwa kwa ndogo, bila kuongeza kitu. Joel alisema ni Mungu. Mimi nilimwona naibu kama mtu aliyechanganyikiwa kwa maumivu ya goti, na nikamwonea huruma huku nikimpa funguo haraka kabla hajapona. Nilipompitia Odhiambo kumwonyesha, hakuiangalia pikipiki, aliniangalia mimi.

"Mtu mwenye akili timamu anakupa kubwa anachukua ndogo, na wewe hujiulizi?"

Nikajiambia Odhiambo ana wivu.

Baada ya siku chache nikaona gunia jeupe kwa Kogo, asubuhi. Kwa hivyo kazi ni jioni. Nilifua koti. Saa ilipofika nikapanda mlima juu ya lile dude, na kweli lilipanda, lilinguruma kama posho mill nzima, nikakaa wima nikingoja watu wageuze shingo.

Hakukuwa na shingo. Nyumba ya kwanza, mlango umefungwa. Ya pili, jiko linatoa moshi na hakuna mtu. Kwenye mahindi kulikuwa na kishindo cha watu wengi wanaokimbia bila kuongea. Nilipita mfereji uliokuwa unatiririka povu, na harufu ilinipa jibu kabla akili haijafika. Mlima ule, pamoja na ukristo wake wote, ulikuwa unapika busaa, ile pombe ya mahindi iliyokatazwa na serikali. Na naibu wa chifu kwa miaka yote alikuwa anakuja kuikamata juu ya pikipiki hii niliyokalia. Walimsikia akiwa bado mtoni, na alipofika alikuta sufuria bado zina moto na hakuna mtu. Katika kazi yake yote alikuwa amewahi kukamata mzee mmoja tu, ambaye hakuwa anasikia vizuri.

Kwa Kogo, krashi ilikuwa tupu na kamba ya Debora imekatwa. Yeye na ng'ombe wake walikuwa mahali fulani ndani ya nepia, yale majani marefu ya malisho, kwa kuogopa chifu asije akamchukua hata ng'ombe. Nikapiga honi, nikasikia wakienda mbali zaidi. Nikaita, "Kogo, ni mimi, ni daktari." Hakutoka. Baadaye aliniambia alisikia vizuri, lakini aliwaza kwamba chifu amejifunza kuigiza sauti yangu. Nikakaa hapo mpaka jua likashuka. Nilipogeuza pikipiki niondoke ikalala kwenye matope, na kwa kuwa wale watu wanne walikuwa wamejificha, nilihangaika nayo peke yangu mpaka mgongo ukalia.

Njiani nilikuwa na hasira na kila mtu, kisha ikaishia kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimemwahidi mama mzee. Kesho yake asubuhi ingekuwa imechelewa, ila si kuchelewa kwa kukata tamaa. Niliamua kwenda kwa miguu, kwa sababu hakuna anayekimbia mtu wa miguu.

Alfajiri nikabeba mtungi begani, mzigo ambao ulitengenezwa kubebwa na mashine. Nikiwa katikati ya mlima nikasikia nyuma yangu mtu anakohoa huku anacheka. Nikatoka njiani kumpisha mtu niliyekuwa mimi wiki iliyopita. Naibu alinipita amevaa kofia yangu, akainua kidole kunisalimia, na goti lake lilionekana halina shida yoyote.

Ndipo nikaelewa. Mimi nilinunua pikipiki. Yeye alinunua mlio.

Huko juu milango ilifunguka. Niliona kwa macho yangu mama mmoja akimtoa ng'ombe haraka na beseni kwenye mkono mwingine. Hakuna aliyeficha kitu, maana ni daktari tu anakuja, na daktari huwa anakaribishwa kikombe. Nilikimbia na mtungi ule kama mwizi. Nilipofika kwa Kogo, Debora alikuwa ndani ya krashi, maji yanatoa mvuke, sufuria ya busaa iko wazi karibu na mlango wa jikoni, na naibu wa chifu amesimama kando yake akitabasamu. Kogo alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Daktari," akasema, "kwani mko wangapi?"

"Mama, vaa viatu twende ofisi," naibu akamwambia.

"Nitaenda, Chifu. Sijakataa. Lakini ng'ombe kwanza. Mimi ukinifunga nitatoka. Debora akikosa leo, Wesley anampeleka kwa mtu wa nyama, na huko hakuna kutoka."

Naibu alianza kusema jambo la sheria. Mimi nilikuwa tayari nimevaa glavu mpaka begani, na siku hiyo niligundua kwamba mtu mwenye glavu mpaka begani hapingwi na serikali yoyote.

"Chifu, shika mkia," nikamwambia. "Vuta huku. Usiachilie hata kukitokea nini."

Alitafuta kwa macho mtu mwingine wa kuagiza. Hakukuwepo. Akaweka fimbo yake ya kazi kwapani, akashika mkia. Niliyeyusha mrija kwenye maji, nikaupangusa, nikafanya kazi yangu polepole, kwa sababu mbegu haitaki mtu wa haraka. Debora aligeuza kichwa akamwangalia naibu kwa muda mrefu, akamhukumu, na hukumu ikatoka upande mwingine, ya kijani, ikashuka juu ya mkono wa sare, kifuani, mpaka kwenye buti. Sikumwambia aachilie, na hakuachilia. Nampa heshima yake kwa hilo.

Kogo alimletea beseni, sabuni na lile taulo safi, akamsugua mkono kama anavyosuguliwa mtoto wa shule. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kumpeleka mwenzake ofisini. Watu wa njiani wangeuliza nani amemshika nani.

"Nitarudi," naibu akasema.

"Karibu, Chifu. Lakini kuja na yako, tujue ni wewe."

Kabla ya Jumapili mlima wote ulikuwa unajua, na ukaanza kukimbia pikipiki zote mbili. Magunia yalitundikwa lakini wenyewe hawakuonekana. Naibu alirudi kwangu amenuna, akaegemeza ile ndogo ukutani.

"Hii kitu yako imeharibika."

"Imeharibika wapi?"

"Haishiki watu."

Tukabadilishana tena. Odhiambo alipoipokea alicheka mpaka akakaa juu ya tairi, kisha akaiwekea sproketi kubwa na shoksi, na ilipanda kama alivyosema. Lakini mlio ulikuwa umeshapata jina baya. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nazima injini kwenye kona ya chini, nasukuma pikipiki huku naimba nyimbo za kanisa kwa sauti ambayo mwalimu wa kwaya alishaniomba kwa upole niitumie nikiwa nimekaa nyuma. Watu waliisikia wakatoka. Hakuna chifu angeweza kuigiza ile.

Kwa hivyo jibu mnalo. Mimi niliongezea. Lakini hilo silo lililoninyima usingizi wakati ule.

Wiki tatu zilipotimia, Kogo aliniita nikashuhudie. Ng'ombe aliyeshika hutulia. Asiyeshika siku hizo hulia tangu asubuhi, hali vizuri, anazunguka boma. Nilipofika nimeimba mlima mzima, nilimkuta Wesley, na kando yake mtu wa nyama kutoka Longisa, mtu mpole mwenye kamba mpya magotini. Kogo alikuwa ametoa viti. Tulikaa wanne tukimwangalia Debora, na Debora alituangalia sisi.

Alikula, akacheua. Saa sita aliinua kichwa akafungua mdomo, na Wesley akasimama.

"Hiyo ni kulia," akasema.

"Hiyo ni miayo," nikasema.

Mvua ya alasiri ilinyesha, tukahamia chini ya mabati ya jikoni, bado tunaangalia. Mvua ikakatika. Kukawa kimya kiasi kwamba tulisikia Debora akitafuna. Mtu wa nyama alikunywa kikombe cha tatu cha chai ya rangi, maana maziwa hayakuwepo, akaliangalia jua, akamwambia Wesley bila ubaya, "Mimi huwa nasikia wakilia kutoka mbali. Huyu hana neno." Wesley alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ndipo Kogo aliinuka, akaichukua ile kamba mpya kutoka magotini mwa mtu wa nyama, akaenda nayo mpaka kwa Debora, akamfunga karibu na dirisha la mahali alipolala yeye. Akarudi akipangusa mikono kwenye leso.

"Asante ya kamba," akamwambia.